Nimeenda hospitali Upper Hill na insurance ya nje, wakaniambia nilikufa mwaka jana

Wakuu, sasa. Mimi huwa nasoma tu hapa, siandiki. Lakini hii kitu imenikalia kifuani tangu nirudi kazini. Chenye nitaandika ndicho kilitokea, hata zile sehemu natamani hazikutokea.

Niiteni Everlyne. Nafanya kazi Gulf, jikoni kwa hoteli. Kila mwaka nakuja Nairobi wiki mbili hivi kumwona Mama. Anaishi Woodley, nyumba ile tulilelewa.

Wale mko nje mnajua hii mambo ya insurance. Cover ya kazi ni ya huko huko. Ukija nyumbani kwa ziara fupi unapewa siku thelathini, emergency pekee, na lazima upigie assistance line kabla ulazwe. Watu wengi hawasomi hiyo page. Mimi nilisoma, nikajiona mjanja.

Sasa, mwaka jana nilikuja, nikarudi Gulf. Wiki moja baadaye dada yangu mdogo, Judith, akashikwa na pneumonia. Akaaga.

Tulifanana sana na Judith. Kanisani walikuwa wananisalimia kwa jina lake hadi nikazoea kuitika.

Hiyo wakati nilikuwa nimehamia kampuni mpya, hawakunipa ruhusa ya kusafiri. Mazishi niliangalia kwa simu, network ikikatika kila saa. Mama aliniambia Judith alifia nyumbani, usingizini. Nikashukuru Mungu hata hakuteseka.

Mwaka huu nilikuja tena. Siku ya nne, asubuhi, nikashikwa na uchungu upande wa kulia wa tumbo. Nilikuwa natembea nimejikunja kama mzee. Nikapigia assistance line, wakanitumia jina ya hospitali moja Upper Hill.

Mama aliposikia ni gani, akasema, "Si twende ingine?"

"Mama, ni insurance ndio wamechagua."

Akachukua mkoba. Kwa taxi alikuwa anaangalia nje tu, mkoba ameushikilia na mikono yote.

Reception, dada fulani akachukua ID yangu, akatype. Akasimama. Akatype tena. Akaniangalia, akaangalia ID, akamwangalia Mama.

"Madam, hii ID ni yako?"

"Ni yangu."

"File yako iko hapa. Lakini ilifungwa."

"Ilifungwa aje?"

Akapunguza sauti. "Inasema mgonjwa alifariki. Hapa kwetu, mwaka jana."

Jina langu. Namba ya ID yangu. Tarehe yangu ya kuzaliwa. Mtu wa kupigiwa simu ni Mama, na namba ni ile ile anatumia.

Nilicheka wakuu. Nilidhani ni computer. Halafu uchungu ukanikata hata kicheko.

Nikapigia assistance line tena. Yule agent alikuwa na sauti ya upole sana.

"Hospitali imetujulisha kwamba member ni marehemu. Poleni kwa msiba."

"Ni mimi naongea. Ni mimi Everlyne."

Nikasikia tu watu wakiongea nyuma yake.

"Naomba kuongea na mtu mwingine wa familia, madam."

Hapo ndio baridi iliniingia. Ni saa nne asubuhi, jua kali nje, watu wamejaa kwa bench, na mimi nimesimama hapo nashindwa nitasema nini ndio mtu akubali niko hai.

Nurse mmoja alikuwa anapita na trei. Mwanamke mtu mzima, wa hamsini hivi. Akaniona. Akasimama katikati ya corridor.

Aliweka trei chini pole pole, akakuja akanishika mkono. Vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwa mshipa, kama mtu anatafuta kama unapiga.

"Everlyne?"

"Ndio."

"Mimi ndio nilikufunga macho."

Nyuma yangu nikasikia Mama ameanza kulia. Si kulia ya kawaida. Ni ile ya matanga.

Ilitoka yote hapo kwa bench. Judith alishindwa kupumua, na hakuwa na cover yoyote. ID yangu huwa inabaki kwa kabati ya Mama kwa sababu huko nje natumia passport. Picha ya kadi ya insurance nilikuwa nimemtumia Mama mimi mwenyewe. Siku thelathini zilikuwa hazijaisha, na cover ya kampuni ya zamani ilikuwa bado haijakatwa. Hakuna mtu aliuliza kama nimeshaondoka nchini.

"Nilijua atapona turudi nyumbani," Mama akasema. "Hakuna mtu angejua."

Insurance ile ya zamani walifunga file yao. Mimi nilikuwa nimeshahamia kampuni ingine, kwa hivyo hakuna mtu aliwahi kunitafuta.

Nurse aliketi chini na sisi. "Sasa yule alikuwa nani?"

"Judith," nikasema.

Akarudia hilo jina kama anajifunza kulisema. Halafu akaniambia kitu bado nasikia mpaka leo.

"Siku zote tatu tulikuwa tunamwita Everlyne, anachelewa kuitika. Ya mwisho akanishika nguo, akasema, mimi si Everlyne, Everlyne yuko mbali, mpigieni simu akuje. Tukaandika kwa file kwamba amechanganyikiwa."

Nurse akainuka, akaenda kuita daktari.

Daktari alikuja, akanifinya tumbo mara moja, nikapiga nduru. Akasema appendix imekaribia kupasuka, watu wa records watajua vile wataandika, huyu anaenda theatre saa hii.

Nilipoamka nilikuwa na tag kwa mkono: mwanamke asiyejulikana. Ndio njia pekee system ilikubali kunipokea. Niliisoma nikiwa bado na dawa kichwani, na nawaambia ukweli, ilinichukua muda kukumbuka mimi ni nani.

Insurance bado wanachunguza. Siwalaumu.

Lakini mtego ni huu. Kurekebisha file yangu, lazima Mama aape kwa wakili kwamba aliyekufa ni Judith. Kwa sababu kwenye karatasi za serikali, Judith hajakufa. Cheti cha kifo ni changu. Yeye yuko hai, miaka ishirini na sita, hana shida yoyote.

Tulienda kwa wakili, town. Mama alishika kalamu muda mrefu.

"Nikisaini hapa, ndio nimesema amekufa?"

"Ndio, Mama."

Wakili akatoka nje, akatuacha wawili. Mama akasaini.

Kwa hivyo wakuu, someni ile page ya ziara fupi. Hesabuni siku zenu. Msitumie mtu picha ya kadi, hata mzazi. Na kama uko na ndugu nyumbani bila cover, hiyo ndio uanze nayo kabla ya kununua zawadi. Mimi nilimletea Judith viatu.

Wenye mmewahi kubadilisha cheti cha kifo, ilichukua muda gani? Na mngekuwa Mama siku hiyo, mngefanya nini?