Nta ya Meza Kwenye Kiti cha Boti

Riyadh haina bahari. Nalisema hili mapema, msije mkadhani nimechanganyikiwa nikiwaambia kwamba kazi yangu kubwa huko, katika nyumba moja ya Al-Malqa, ilikuwa kupangusa boti. Ilikaa kwenye sebule ya wageni wanaume, juu ya vigingi vilivyovishwa mahameli, ikipulizwa na kiyoyozi kutwa kucha. Chumba changu mimi kilikuwa na feni.

Ilikuwa boti ya mbio ya zamani, ya mbao, iliyoundwa Amerika kabla sijazaliwa. Wenyewe huziita haidropleni. Mbele ina miguu miwili mipana, na mwendo ukishakolea huinuka, ikagusa maji kwa ncha za miguu hiyo na kwa rafadha inayoisukuma kutoka nyuma. Kiwiliwili kizima kiko hewani. Huo ni ufundi, sikatai. Waliozibuni walikuwa na akili. Waliozinunua ndio nina neno nao.

Bosi wangu, ambaye tulimwita baba, alikuwa na wenzake wanaume wenye matumbo ya kutosha, waliokutana kila Alhamisi kujadili namna ya kukata kona. Mmoja alinunua kofia ya ngozi ya dereva wa kale, haikumwingia kichwani, akawa anaipakata jioni nzima kama paka. Nilipita na kahawa nikawasikiliza. Mabingwa wa zulia! Kwa miaka miwili niliyokaa kwake, baba alikuwa ameiendesha ile boti mara moja tu, na ikamzimikia.

Mimi mawazo yangu yalikuwa kwetu Kakamega, Kenya. Binti yangu wa pekee alikuwa anaolewa, mkataba wangu ulikuwa umekwisha, na ruhusa ya kusafiri ilikuwa mikononi mwa baba, kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu. Nilipomwomba alisema, "Baada ya mashindano ya Jeddah. Yakiisha, wewe likizo, halas." Harusi ilikuwa wiki mbili baada ya mashindano. Nikaona siku zinatosha, nikampigia binti nikamwambia asitafute mtu mwingine wa kumshika mkono kanisani.

Sasa, madam, mkewe baba, aliamini kwamba kitu kisichoonyesha sura yako ni kichafu. Kila wiki alinipa nta ileile ya meza ya chakula niipake boti, ndani na nje.

"Hata kiti, madam?"

"Hata kiti. Yalla!"

Kiti chenyewe kilikuwa cha ngozi. Nilikipaka mpaka nzi akitua anapiga breki.

Boti ilikwenda Jeddah kwa lori, imefunikwa blanketi kama mgonjwa, nami nikachukuliwa niendelee kuipangusa. Huko ilipokelewa na fundi wa injini, Mzanzibari aliyepanga Al-Baghdadiyah, mtu pekee katika shughuli ile aliyejua anachokifanya. Alipapasa kiti, akaniangalia.

"Dada'ngu, kiti hichi umekifanyaje? Mtu akikata kona atateleza ende zake."

"Si ni madam alisema king'ae? Mimi nafanya venye nimeambiwa."

"Basi mwambie. Sifongo na maji ya sabuni, dakika kumi imekwisha."

Nilimwambia madam. Alikuwa na mpiga picha. "Mafi! Picha kwanza. Ukimaliza, futa." Kwa hiyo ruhusa nilipewa, tuelewane hapo.

Picha zikaisha. Ndoo iko miguuni pangu, sifongo mkononi. Fundi alikuwa ameinamia injini aliyoihangaikia siku tatu, na baba akaja na suti yake nyeupe, akamwambia mbele ya watu, "Ondoa mikono yako hapo, unaichafua." Yule mzee wa watu akaondoa mikono. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka. Nikairudisha sifongo kwenye ndoo. Nikasema moyoni, ateleze. Nikaenda kivulini kunywa chai. Sitawadanganya kwamba nilisahau.

Boti zilikuwa tano. Moja haikuwaka, nyingine ilizunguka boya upande usio wake. Ya baba iliinuka vizuri, na kwa ule mstari mmoja ulionyooka, lazima niseme, ilipendeza. Halafu ikafika boya la kwanza. Boti ikakata kushoto, baba akaendelea mbele. Alikaa hewani kidogo, magoti bado yamekunjwa vilevile. Kamba iliyofungwa kwenye jaketi lake la kuokolea ikachomoka, injini ikazima kama ilivyokusudiwa, boti ikamngoja pale pale. Nilicheka ndani ya mtandio mpaka machozi. Walipomtoa ameshika mkono kifuani, uso wa kijivu, nikaacha kucheka.

Mtulinga na mbavu mbili. Hakuna aliyeuliza habari za kiti. Fundi alinitazama, akaitazama ndoo, akafunga sanduku lake la vifaa. Hospitalini baba alikuwa tayari amepata wimbi la kusingizia. Wimbi! Katika ghuba ile ambayo maji yake yasingelowesha kwato za mbuzi. Tulipofika Riyadh wimbi lilikuwa limefika kifuani, na wiki ya pili lilikuwa limepita mlango.

Na wageni wakaja kumpa pole shujaa. Sebule ilijaa kila siku, kahawa, tende, kahawa. Nilipomkumbusha madam likizo alishangaa kweli kweli. "Sasa? Na watu wote hawa? Nani atawahudumia? Baadaye, inshallah."

Harusi niliitazama jikoni, kwenye simu niliyoiegemeza kwenye birika. Binti yangu alitoka kanisani ameshikwa mkono na shangazi yake, gauni jeupe, akaomba apewe simu. Alikuwa analia, nami nalia, na sebuleni baba alikuwa anawasimulia.

"Mum, si uliniahidi utakuja?"

"Bosi aliumia, mama. Nyumba imejaa wageni."

"Kwani alipatwa na nini?"

Madam akaitisha kahawa. Nikajipangusa uso kwa aproni.

"Alipigwa na wimbi," nikamwambia.