Pagne ya Kavira Chini ya Viatu vya Ingénieur

Mucheke tu, nimeshazoea, maana hapa Butembo hata mama muuza mihogo akiniona nikipita anainua kitenge chake ananiuliza, "Papa Muhindo, nikutandikie?"

Mimi ni mutu wa nyumba. Kiti changu, redio yangu, chai ya tangawizi, basi. Mais ule mwaka vichwa vilikuwa moto: wakubwa kule Kinshasa walitaka kubadilisha Katiba ili Mukubwa wa inchi abakie kwenye kiti (kidogo namuelewa, mimi pia sipendi kutoka kwenye changu), na Ingénieur, yule tajiri wa Beni anayeuza mashine za courant, za umeme, akaacha biashara yake akaingia politike kusema hapana. Akatangaza atapita Butembo kwa miguu, na avenue, yaani mutaa, itakayomupokea vizuri njo itakayovutiwa waya wa kwanza wa turbine yake mupya. Sisi courant tulikuwa tunaisikia tu kwa redio ya betri, ya mapile!

Donc, kwetu mugeni wa heshima hakanyagi udongo, wamama wanatandika mapagne, vitenge vyao, barabarani, anapita juu. Ile asubuhi wakatandika, wakatandika, mapagne yakaisha mbele ya mulango wangu kabisa.

"Papa Muhindo!" akaita jirani yangu Mama Masika. "Unataka courant iishie kwako? Leta pagne!"

Bibi yangu Kavira, yule niliyemuoa, alikuwa ameenda Beni kwa mama yake. Nikafungua malle yake, sanduku la nguo (hapo njo nilipotea), na juu kabisa nikakuta pagne mupya, imekunjwa upande wa maua ukiwa ndani, ile aliyoichunga kwa ndoa ya mudogo wake. Nikawaza: nitaitandika kinyume, viatu havitagusa maua, jioni nakung'uta vumbi, naikunja, Kavira hatajua kitu. Werevu huo! Nikaitandika bila hata kuiangalia, nikasimama pembeni, mikono imefungwa kama shemasi.

Ingénieur akafika, watu wakiimba nyuma yake, naye anahubiri huku anatembea: "Mimi sijakulaka na wale batu wa kubadilisha Katiba! Hata siku moja!"

Mama Masika akaona pagne yangu. "Eh, papa, nani alikufundisha? Pagne hailalake kifudifudi!" Akaikamata ncha mbili, akaigeuza, fwaa!

Ingénieur mwenyewe. Katikati ya maua ya manjano, sura yake nono ya uchaguzi uliopita (kumbe pagne ya ndoa ilikuwa ya kampeni!), amekumbatiana na Mukubwa, chini yake: TUKO NYUMA YAKO LEO NA MILELE. Na si mara moja, sura zilijaa kitambaa kizima kama maharagwe kwenye sahani.

Muguu wa Ingénieur ukabakia hewani. Wimbo ukakatika.

"Ingénieur," mutu mumoja akauliza kwa upole, "huyo ni pacha wako?"

Kicheko kililipuka! Mimi nilitafuta shimo sikuliona. "Umeua courant yetu, Papa Muhindo," Mama Masika akaninong'oneza. "Umeichinja."

"Pagne ya nani hii?" Ingénieur akauliza.

"Ya… ya bibi yangu." (Mwanaume gani huyu!)

Akachuchumaa, akajiangalia usoni, halafu akaanza kucheka mupaka tumbo likatikisika. "Ni mimi," akasema. "Nimewadanganya sasa hivi. Nilikula nao, nikashiba, tumbo likaniuma, njo maana niko hapa. Huyu mujinga anastahili kukanyagwa, na mimi naanza!"

Akajirukia usoni kwa miguu miwili! Avenue nzima ikalia kwa furaha, kila mutu akataka zamu yake, wamama, wazee, mupaka shemasi wa kweli, pagne ikapasuka, vumbi likapanda, na mimi (niliyeokoka!) nikajitupa katikati nikiruka kuliko wote.

Hapo taxi ya kutoka Beni ikasimama. Kavira akashuka.

"Muhindo," akasema polepole, "hiyo si pagne ya ndoa ya mudogo wangu?"

Waya ulianzia kwetu, kweli. Jioni avenue nzima inawaka, Mama Masika anapiga pasi mupaka nguo zisizokunjana. Mais ampoule yetu, ile taa, Kavira ameifungia ndani ya ile malle, palepale pagne ilipolala, na ufunguo uko shingoni mwake. Mimi nasikiliza redio kwa mwanga wa bougie, mushumaa. Na nimeapa: hata malaika akishuka kwenye avenue yetu, wasingya sana, asante, karibu, akanyage udongo.