Dele la Kahawa Ukumbini

Mwaka 1964, nikiwa na miaka minane, walimuua baba mlangoni kwetu Unguja, na mama akatuleta Jidda. Skuli niliachia darasa la pili. Nyumba za Balad, mji mkongwe wa Jidda, nimezifulia nguo mpaka kucha zikabanduka. Kisha nikapata kazi kwa Mzungu mmoja karibu na bahari. Huyo aliniamrisha kwa Kiingereza tu, na nisipoelewa alinipiga. Siku moja alinirushia kisahani cha majivu ya sigara, jino la mbele likaruka. Kiingereza changu mimi ndicho hicho: sauti ikipanda, kinga uso.

Siombi huruma. Nataka mjue ni nani aliyeingia katika ule ukumbi wa chuo kikuu, Riyadh, mwaka jana, kumtazama binti yangu, kitinda mimba, akitetea tasnifu yake ya udaktari. Huku wanaita munakasha. Watahini wanakaa meza ya mbele, wanamhoji mwanafunzi hadharani, na jamaa zake wanakaa nyuma na kahawa na sambusa, kimya, wakingoja apite au aanguke. Jasho lote la mwanangu lilikuwa juu ya meza ile.

"Mama," alinionya tulipofikia kwa shangazi yake, mtaa wa Manfuha, "kesho watasema Kiingereza kitupu. Watanibana. Usiingilie."

"Mimi na Kiingereza wapi na wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Nje ya mlango maprofesa, Mmisri na Msudani na Mhindi, walikuwa wakicheka kwa Kiarabu, wakiulizana hali za watoto. Walipovuka kizingiti wakakiacha Kiarabu kama watu wanaovua viatu msikitini. Wakakaza nyuso. Kila mmoja na Kiingereza cha kwao, lakini chote cha kukata.

Mmisri, mtu mzima mwenye mvi, alianza polepole. Halafu sauti ikapanda. Akalipiga lile buku la tasnifu kwa kiganja. Akamnyooshea mwanangu kidole. Mwanangu akijibu, anamkatisha. Akijibu tena, anamkatisha.

Sikufikiri. Dele, birika langu la kahawa, lilikuwa mkononi. Nilipita katikati ya viti, nikamkaba tai yule bwana, nikamshindilia dele la bega. Miwani ikaruka. Kahawa ikamwagika juu ya karatasi, juu ya suti, juu ya mkono wangu mwenyewe, ngozi ikababuka.

"Mpige tena uone!" nikapiga kelele kwa Kiswahili.

"Mama! Hajanigusa! Ananiuliza tu!" Mwanangu analia. "Unayeniua ni wewe, si yeye!"

Walinzi wawili walinikokota mpaka nje. Nilikaa sakafuni, mkono unawaka, nikijua shahada ya mtoto nimeivunja kwa mkono huo huo.

Kisha nikasikia ndani sauti ya Mmisri ikipanda tena. Na juu yake ikapanda ya mwanangu. Sijapata kumsikia hivyo. Sasa ni yeye anayemkatisha. Wakachapana Kiingereza, hakuna anayerudi nyuma, mara wote wakacheka, mara wakashikana tena.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mwanangu, macho mekundu.

"Nimepita," alisema bila kunitazama. "Ingia ukamwombe radhi."

Nikamkuta bwana amejiwekea barafu begani. Nikamwambia kwa Kiarabu, "Nisamehe, duktur. Nilidhani unampiga."

"Nilikuwa nampiga," akasema. "Naye kanirudishia. Sasa nimejua mkono ule kaurithi wapi. Sambusa zimebaki?"

Alikula, tena alikula sana. Binti yangu hakusema nami mpaka mwezi ukaandama mwingine. Leo anafundisha, kwa Kiingereza, na amenikataza kukanyaga chuoni kwake. Nimekubali.

Nilivyo navyo leo: nyumba ya ghorofa mbili Jidda, hati kwa jina langu. Jiko la kupikia harusi. Friza mbili. Gari la kubebea chakula. Kisima Unguja. Na daktari mmoja, wa kumzaa mwenyewe.