Dawa ya Utosi

Mwanangu alizaliwa kabla sijanunua hata beseni la kumwogeshea. Nilijifungulia Mafinga, mimba ina miezi sita na kidogo, wakatukimbiza Mbeya kwa gari la wagonjwa nikiwa nimemfunga kifuani kwa kanga. Alikuwa mdogo mpaka nesi akanionya nisimlalie.

Daktari, dada mmoja mkali, akataka kumpiga ultrasaundi ya kichwa aone kama damu imevuja kwenye ubongo. Kipimo hupitia utosini, pale ambapo fuvu la mtoto halijafunga.

Siku ya picha tukamvua kofia. Mungu wangu! Utosi mweusi tii. Mama mkwe, aliyeingia jana yake kutoka Igowole, alikuwa amempaka masizi na mafuta ya nyonyo ili utosi ufunge haraka.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemwokoa mjukuu wangu. Nyie mlikuwa mnasubiri nini?"

Daktari akasafisha taratibu kwa pamba na maji ya uvuguvugu, huku akisonya. Mama mkwe akasimama mlangoni akisali kwa sauti, ili daktari naye asikie.

Kwenye kioo cha mashine niliona ukungu mtupu. Daktari akaniambia damu imevuja kidogo upande mmoja.

"Atatembea?"

"Anaweza kutembea, anaweza kuchelewa, anaweza asitembee. Picha haisemi."

"Sasa mashine ya nini, daktari?"

"Ya kutuambia tumfuatilie kwa karibu."

Nilitamani kumzaba kibao. Mama mkwe akakohoa kikohozi cha ushindi.

Tukarudi nyumbani kufuatilia. Wa rika lake wakawa wanakimbiza kuku. Wangu amekaa tu kama mbunge. Wageni walimtazama miguu kabla ya kunisalimia, nami nikawachukia wote, na wa kanisani wakiwemo. Usingizi uliniisha kwa hofu.

Mtaalamu wa viungo akanifundisha kumnyoosha mguu wa kushoto, uliokuwa umekakamaa. Kila siku mkekani tulipigana, anapiga kelele mpaka majirani wakadhani namchinja.

Jumapili moja, katikati ya mazoezi, akanipiga teke la kifua, akajiburuta hadi ukutani, akasimama. Nikafungua mikono. "Njoo kwa mama, njoo."

Akanitazama kwa hasira kabisa. Kisha akageuka, akauachia ukuta, akatoka mlangoni kwa miguu yake akinikimbia, ule wa kushoto ukikwaruza sakafu. Nikabaki mkekani nalia kwa sauti, na mshenzi yule hakugeuka hata mara moja.