Safari ya Ugogo Kumtafuta Nyemo wa Mikono Mikubwa

Nimeulizwa mara nyingi hapa pwani kwa nini mtu mzima, mwenye mke na kazi na baraza ya kukaa, aliondoka kwenda kula vumbi Ugogo. Basi naandika, mnisome, kisha mniache nipumzike. Nilikwenda kwa sababu ya kijitezi kiasi cha njugumawe.

Bwana wangu alikuwa daktari Mdachi, mpasuaji, nami nilimfanyia kazi ya kuchemsha vyombo na kufunga vidonda hapa Dar es Salaam. Watu walimwita Bwana Vichwa. Tangu ujana wake huko kwao Ulaya alikuwa akikifuatilia kitezi kimoja kinachokaa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Akanieleza kwamba kikivimba, mtu aliyekwisha kukua huanza kukua tena: mikono, miguu, taya, hata ulimi. Kisha kichwa humuuma, na mwisho macho hupofuka, kwa kuwa kitezi hukandamiza mishipa ya macho. Chai ikipoa aliweza kununa mchana kutwa, lakini akianza kukieleza kile kitezi sauti ililainika, utadhani anamtaja mchumba. Kwa hilo nilimpenda.

Siku moja mmishenari wa Mpwapwa aliteremka pwani kung'olewa jino. Akasema, huku mdomo umejaa pamba, kwamba kwao kuna mwanamke Mgogo ambaye mikono yake haiachi kukua. Bwana Vichwa nusura amsahau pale kitini na jino lake. Juma lilikuwa halijaisha tulikuwa safarini. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa baba yangu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi aliyebwaga mzigo Bagamoyo, akaoa, asirudi tena. Daktari alidhani kila mwenye asili ya bara anaijua bara yote.

Dar es Salaam, alfajiri. Gari la moshi liliondoka likipiga kelele za kuamsha wafu. Reli ilikuwa imefika Dodoma karibuni tu, na wengi waliopanda walipanda ili waje waseme wamepanda. Cheche za kuni ziliingia madirishani zikanitoboa kanzu yangu mpya. Daktari alicheka. Nikamwambia, "Cheka, Bwana, cheche hazibagui." Kabla hatujafika Morogoro moja ikamtua kwenye kofia.

Gulwe. Hapo tulishuka, tukashika njia ya miguu kwenda Mpwapwa, wapagazi mbele na sisi nyuma. Ilikuwa kiangazi, mavuno yamekwisha, na upepo ulikuwa wa baridi kavu inayopasua midomo. Tulipofika misheni, mke wa mwalimu akatupokea kwa maziwa na habari mbaya. Nyemo, yule tuliyemfuata, hayupo. Amerudi kwao, upande wa Chimwaga, kwa maana huu ndio wakati wa ngoma.

"Mgonjwa anakwenda ngomani?" daktari akauliza.

"Bwana, yeye ndiye mpigaji," yule mama akajibu. "Wanawake wenzake hawaanzi bila yeye."

Daktari akanuna tangu misheni hadi bomani. Huko bomani mkubwa wa serikali akampa askari mmoja wa kufuatana nasi, akasema, "Ukimpata, mchukue. Huyu atakusaidia." Nilimtazama askari. Mkobani mwake ilichungulia kamba mpya ya katani. Tangu hapo safari ikaacha kunipendeza, maana nilijua daktari anataka kumpeleka Nyemo Ulaya akapasuliwe, na sasa hakuhitaji hata kumwomba.

Dodoma. Tulirudi Gulwe tukapanda gari tena. Stesheni ilikuwa ikinuka chokaa mbichi, na Wahindi wawili watatu walikwisha kufungua maduka ya kaniki na chumvi. Hatukukaa. Tulikwenda kwa miguu hadi Chimwaga, tukipita mashamba ya mabua ya uwele na ng'ombe waliokuwa wakiyatafuna bila furaha. Jioni tukafika kwenye tembe moja refu, lenye dari la udongo na mlango wa kuinamia. Mwenye nyumba, Chidawali, mume wa Nyemo, alitoka kutulaki.

"Mbukwa!" akatuamkia kwa kwao.

"Mbukwa!" tukajibu, daktari kwa sauti kuliko wote.

Tulipewa ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Nilikula hadi nikaona haya. Chidawali alizijua lugha za watu, maana zamani aliwauzia nafaka wenye misafara. Lakini alipoulizwa juu ya mkewe akashusha macho. "Yumo ndani, Bwana. Hatoki kwa wageni. Walikuja wengine wakamtazama kama mnyama wa ajabu, wakacheka. Tangu siku hiyo akisikia viatu anaingia chumba cha ndani."

Daktari akambembeleza mlangoni kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Hakutoka. Askari akainuka, akajipangusa mikono. Hapo nikaona lazima nifanye jambo, na jambo nililokuwa nalo ni moja tu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo hata mfalme hana. Nikasogea mlangoni nikapaza sauti.

"Nasikia humu kuna Mgogo! Mgogo gani anajificha? Au anaogopa nitadai mnirudishie hongo, ule ushuru wa njia mliomtoza baba yangu kwa maji ya mvua, maji ambayo Mungu anawapa watu bure?"

Daktari akaniita kwa hasira, "Hamisi! Unamtukana mgonjwa!" Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake, nayo kawaida yake ni nyeupe sana.

Kutoka ndani ikaja sauti nene, nzito kama ya mwanamume. "Nani huyo? Ngoja, usiniambie. Nimekujua kwa harufu ya bega. Wanyamwezi hata wakivaa kanzu wananuka mzigo!"

"Toka uninuse vizuri, mwizi wa maji!"

"Yaya gwe! Mama wee, natoka nikupige!"

Akatoka, ameinama mlangoni, anacheka. Aliposimama alikuwa mrefu kunizidi. Taya lilikuwa limesonga mbele, meno yameachana, na mikono, jamani, ile mikono. Kiganja chake kingefunika uso wangu wote, na karibu kilifunika, maana alinizaba kofi la utani lililonipeleka hadi kwa askari. Bangili zake za waya mhunzi alikuwa amezikata kwa tupa zisije zikamkaba, na hapo zilipokatwa zilikuwa wazi upana wa vidole viwili. Nilimpenda papo hapo, na sioni sababu ya kuficha.

Asubuhi daktari akampima. Alimkalisha mbele yake, akamwambia amtazame puani, kisha akaleta kidole polepole kutoka upande. "Ukikiona, sema." Kidole kikaja, kikaja, kikapita sikio, kikapita shavu. Nyemo hakusema neno mpaka kilipokuwa karibu kugusa pua yake. Upande wa pili ni vilevile. Daktari akaniangalia, nami nikaelewa kwamba macho yameanza kufungwa kutoka pembeni.

Mchana ngoma ikapigwa. Wanawake wa Kigogo huibana ngoma mapajani, nao hupiga kwa viganja vitupu. Walikuwa wengi, lakini Nyemo alipoanza niliisikia yake peke yake, inatoka chini ardhini na kupanda miguuni. Wengine walimwitikia. Daktari alikuwa ameshika utepe wa kupimia, akauweka chini. Nilimwona akitikisa goti. Nilimwona pia Nyemo akigeuza kichwa kizima kushoto, kizima kulia, kuwatafuta wachezaji ambao zamani angewaona bila kugeuka.

Walipopumzika, daktari akasema lililomleta. Aliomba ruhusa ya Chidawali, akamweleza Nyemo habari ya kitezi, akamwambia kwamba Ulaya wako mabingwa wanaokifikia kwa kupitia puani.

"Puani!" Nyemo akajishika pua. "Na nikifa huko, nani atanizika?"

"Sisi tutakuzika, mama. Kwa heshima."

"Heshima sawa. Mtani je, yupo? Nani atanitania kaburini?"

Daktari akanigeukia. Nikamweleza kwamba kwao na kwetu mtu hazikwi kwa machozi matupu. Mtani huja msibani, humdhihaki marehemu, hujifanya yeye ndiye maiti, na waliofiwa hucheka hata kama hawataki. Asiyetaniwa kaburini huonekana kama mtu asiye na watu. Daktari hakucheka. Alifikiri.

"Bwana," Nyemo akasema, "wewe umewafungua wangapi hivyo?"

Nilijua angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua ila mimi.

"Waliokwisha kufa, wengi," akasema taratibu. "Walio hai, sijamfungua hata mmoja."

"Na hao mabingwa?"

"Baadhi ya watu wao wamepona. Baadhi hawakuamka."

"Nikikaa hapa?"

"Macho yatapofuka, mama. Lini, sijui."

"Na mikono?"

"Mikono itabaki."

Nyemo aliigeuza mikono yake, mbele na nyuma, akaitazama kwa kuisogeza katikati alikobakiwa na mwanga. "Ngoma haipigwi kwa macho, Bwana. Nitakaa."

Askari akainuka. Kamba ilikwisha kutoka mkobani. Chidawali naye akainuka, mzee wa watu, mikono mitupu, akasimama mbele ya mkewe. Daktari alikuwa ameitafuta siku ile maisha yake yote, nayo iliketi mbele yake na ngoma mapajani, na neno moja tu lingetosha.

"Kaa chini," akamwambia askari. "Kamba hiyo kafungie mbuzi."

Njiani kurudi. Tulipoagana, Nyemo alimpa daktari bangili ya uharusi wake, ndogo, kusudi apime alivyokuwa na alivyo. Mimi alinipa kibuyu cha mafuta ya samli, akasema nijipake nipunguze harufu. Ndani ya gari la moshi, tulipouacha mlima wa mwisho wa Ugogo, daktari akanena.

"Hamisi, miaka yote nimekitafuta kile kitezi. Leo nimekiacha kijijini."

"Umekiacha kwa mwenyewe, Bwana."

Akanuna, kisha akaniombea chai mimi kabla ya kujiombea mwenyewe.

Dar es Salaam. Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani ukubwa wa bwana wangu uko katika yale anayoyajua, kumbe niliuona siku aliyokiri asichokijua mbele ya mwanamke aliyekuwa mikononi mwake. Na utani, ambao hapa pwani tunauona upuuzi wa wapagazi, ndio uliomtoa Nyemo chumbani kwa miguu yake.

Mvua zilipokwisha, Mgogo mmoja aliyeleta ng'ombe mjini akaja kutuulizia. Alisema Nyemo sasa haoni kabisa, hata jua. Anashikwa mkono kwenda ngomani, na akifika hakuna anayemfikia kwa kupiga. Kisha akamgeukia daktari kwa adabu.

"Amenituma, Bwana. Anauliza, umekwisha kupata mtu hai wa kumfungua? Kama bado, anasema uanze na Hamisi. Kichwa cha Mnyamwezi hata ukikiharibu, hakuna atakayejua."

Bwana Vichwa alicheka mpaka akashika meza. Akaendelea kushika meza kicheko kilipokwisha, mgongo ametugeuzia, mabega yanatikisika. Nami nilisimama pale mlangoni, nimetukanwa vizuri, nalia.