Bakwe, yaani wakwe zangu, walisomewa kila kitu nilichoangalia kwenye telefone. Freddy wa kabini ajibu!

"Ngabu Dieudonné amesoma: Njia saba za kuacha kukoroma kabla mke hajagundua."

Hiyo ilisomwa kwa sauti kubwa, sebuleni kwa watu, mbele ya watu kumi na wane wamevaa vizuri.

Ngabu Dieudonné ni mimi. Nilikuwa pale pale, kwenye kiti ya plastiki, koti ya kuazima imenibana kwapani, na sina ruhusa ya kufungua kinywa.

Halafu kaka wa mwanamke mwenye nilitaka kuoa akasoma ingine.

"Ngabu Dieudonné amefanya jaribio: Wewe ni mnyama gani katika mapenzi? Jibu: Kobe."

Wakuu, jambo kwenu wote. Naandika toka Bunia, Ituri. Masomo yangu iliishia mwaka wa ine wa primaire, kwa hiyo ninyi wa Dar na Nairobi mutanisamehe Swahili yangu. Lakini hakuna neno la kuongeza hapa. Kama naongopa, nirudi kulala tena chini ya bâche, lile turubai la kambini, na mvua ya mwezi wa kumi initafute.

Na majina nitataja. Nimechoka na nyuzi zenye kusema "jamaa mmoja". Jamaa mmoja hana nyumba, hana mulango wa kugonga.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Mimi ni mutu wa Djugu. Nilikuwa na shamba, nilikuwa na ng'ombe, nilikuwa na muke, Mama Lotsove. Vita ikatutoa. Ng'ombe sijui ziko kwa nani. Mama Lotsove alikufa na ugonjwa kule kambini kwa wakimbizi, mwaka wetu wa pili. Basi. Hiyo siendelei nayo, huu si uzi wa kulia.

Leo niko quartier Ngezi, na kazi yangu ni sentineli wa mchana kwenye depo ya mbao. Kazi yenyewe, kama hauijui, ni kuangalia mbao.

Mbao haitembei.

Ndiyo nikanunua telefone ya kugusa.

Hapo ndipo anaingia Freddy. Freddy iko na kabini pale barabara ya Lumumba: anachaji telefone, anauza megas za intaneti, anafungulia watu konti kwenye ule mutandao yenye wote tunautumia. Si kijana mudogo. Iko na bibi na watoto watatu na ndevu. Asikuje kusema hapa kwamba ilikuwa utoto.

Akanifungulia konti, nikamuuliza, "Freddy, mimi haya mambo siyajui. Ikiniuliza kitu nitajibu nini?"

"Papa Ngabu, popote unaona J'accepte, yaani nakubali, bonyeza. Ikiuliza tena, bonyeza tena. Ukikataa, haifunguke."

Wakuu, Freddy alikuta mutu wake.

Ninyi wenye hamujakaa kambini hamutaelewa. Kule watu walikuwa wanakuja na karatasi, wanakuuliza, "Papa, unakubali?" Siye wenye tulisema ndiyo, tuliingia kwenye liste. Wenye waliuliza "kukubali nini?" waliambiwa wasubiri pembeni. Pembeni hakukuwa na bâche. Mimi nimetoka kule na akili moja tu: ukiulizwa, kubali, halafu angalia kama jina lako liko.

Basi kila tovuti nilifungua iliniuliza: Endelea na konti yako ya mutandao? J'accepte. Turuhusu kushiriki unayosoma? J'accepte. Watu wako waone? J'accepte, tena na dole gumba, kwa heshima.

Nilikuwa na tovuti moja ya mambo ya afya na ndoa, nzuri sana, inakusomea kwa sauti kama macho imechoka. Nilikuwa na ingine ya ng'ombe wa maziwa, picha tu, ng'ombe anaonyeshwa mbele, anaonyeshwa nyuma. Na nilikuwa na Biblia.

Sikuwa natafuta mabaya. Kama kuna mutu anawaza hivyo, arudi juu asome tena: mbao haitembei.

Siku moja akakuja Mama Kavira. Kavira ni jina lake mwenyewe; ni mujane wa upande wa Butembo, anauza maharagi na mafuta sokoni. Alitaka mbao za kibanda. Akanikuta nimekaa, naangalia.

"Papa, hizi mbao ziliiba nini, mbona unaziangalia hivi?"

Toka kambini hakuna mutu alikuwa amenichekesha. Nilicheka mpaka bosi akatoka ndani kuona kama niko muzima.

Tulienda hivyo, polepole, hadi ndugu zake wakasema nikuje kujitambulisha.

Sasa, desturi. Siku ile mwanaume mwenye anataka kuoa hasemi. Iko na musemaji. Yeye kazi yake ni kukaa, kuinamisha kichwa na kufanana na mutu wa maana. Munaleta kasha ya sucré, ile soda yetu, inawekwa katikati. Wakiifungua, mumekubaliwa. Wasipofungua, munarudi nyumbani na kiu.

Musemaji wangu alikuwa jirani, Papa Mateso. Kwa kusema hana mupinzani Ngezi nzima. Kwa kuacha kusema, hapo ndipo iko shida.

Akasimama, akasifu nyumba, akasifu marehemu wazazi wao, akanisifu mimi. Kama angenyamaza hapo, leo ningekuwa mutu wa ndoa. Lakini Papa Mateso akataka kuongeza chumvi.

"Huyu mutu wetu," akasema, "ni mutu wa siri! Munaweza kukaa naye mwaka muzima, hamutajua anawaza nini!"

Kambale akakohoa.

Kambale ni kaka mukubwa wa Kavira, anauza misumari na mabati. Jina la pili kwenye orodha yangu, lakini Freddy anabaki wa kwanza. Akatoa telefone mufukoni, akavaa miwani.

"Papa Mateso, unasema siri? Siye tunajua kila siku anawaza nini. Inatuingilia asubuhi na mapema kama radio. Sikiliza. Juzi, saa ine: 'Ngabu Dieudonné ametumia dakika mbili kwenye Biblia Takatifu.' Sawa. Hapa chini yake: 'Ngabu Dieudonné ametumia saa moja na nusu kwenye Ng'ombe wa Maziwa.'"

Watu wakaanguka na kicheko. Nyuma ya rido, lile pazia la mulango, kwenye Kavira alikuwa amekaa na mashangazi wake, mumoja akapiga kelele, "Heri ng'ombe kuliko wanawake!"

Papa Mateso hakushindwa. "Mutu wetu anasema," akasema, na mimi sikuwa nimesema kitu, "anasema Biblia ameshaijua. Ng'ombe ndiyo bado."

"Na hii? 'Dalili tano kwamba mwanamke mfanyabiashara anakupenda kwa dhati.' Kavira! Weye uko na ngapi?"

"Endelea, kaka," sauti ya Kavira ikatoka nyuma ya rido. "Nasikiliza."

Ndipo ikakuja ile ya kukoroma. Ndipo ikakuja kobe. Kwa kobe, hata Papa Mateso aligeuka akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Kobe, Ngabu? Hata simba hawakukupa?"

Nilikuwa nahesabu misumari ya dari. Wakuu, wakati wa vita nimewahi kujificha siku mbili ndani ya shamba ya muhogo bila kupiga chafya. Siku ile nilijua hiyo ilikuwa mazoezi tu.

Kambale alikuwa amepata utamu. Akateremsha kidole, akaanza ingine akicheka bado.

"'Ngabu Dieudonné amesoma: Je, ni kosa kuendelea kuzungumza na mke wako aliyefa...'"

Akakomea hapo.

Akavua miwani, akaiangalia, kama vile kosa ni ya miwani.

Nje mutu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, tukabaki tunasikia ule mutwangio tu.

Hiyo niliisoma siku moja saa ya chakula, nyuma ya mbao, niko peke yangu. Ama nilidhani niko peke yangu. Hata Lotsove, mutoto wetu, sijamuambia hiyo.

"Kambale, weka hiyo telefone." Ilikuwa Kavira. Alikuwa ametoka nyuma ya rido, na desturi haimuruhusu kutoka kabla hajaitwa. Akakuja akasimama mbele yangu. "Ni weye uliyatia haya mambo ili watu wote waone?"

Papa Mateso akasimama. "Mutu wetu anasema..."

"Papa Mateso, kaa chini. Namuuliza yeye."

Nikasema, "Hapana. Nilikuwa nawaza niko peke yangu."

Halafu akasema, na wote walisikia, "Kukoroma si kitu. Marehemu wangu alikoroma mpaka mbuzi wa jirani wanaamuka. Ng'ombe si kitu. Lakini mwanaume mwenye kutangaza muke wake wa kwanza kwa watu, mimi wa pili atanitangaza lini? Kama si weye ulifanya, iko mutu alifanya. Mulete akae kwenye kile kiti, aseme mbele ya ndugu zangu. Ndipo tutakunywa."

Tukarudi nyumbani na kiu. Kasha ya sucré ilibaki kwa Kambale.

Siku ya Mungu, Jumapili, Lotsove akakuja na pikipiki toka Nyankunde, kwenye anasomea kazi ya uuguzi. Nikampa telefone. Ile ya muke sikumuonyesha, lakini aliikuta mwenyewe. Kwanza alicheka kwa kobe mpaka akakaa chini. Halafu akafika kwa ile, akaenda kunitekea maji yenye sikuwa nimeomba.

Akarudi, akanionyesha. Na hii shikeni, kwa sababu ndiyo dawa yenyewe.

Ndani ya mipangilio ya mutandao kuna kipande, kiko chini sana kama kimefichwa, kinaitwa shughuli zako nje ya mutandao. Ukifungua unakuta liste. Jina langu liko kwenye liste, wakuu, hapo nilifaulu! Tovuti ya afya, ya ng'ombe, Biblia, na zingine hata sikumbuki kuzikanyaga, zote zinapelekea mutandao habari zangu. Lotsove akasema, "Baba, hizi zinakuripoti hata siku hujabonyeza kitu."

Tukazikata moja moja. Tukafuta historia. Tukazima ile ya mbele, yaani zisilete tena. Halafu kuna sehemu ingine mbali na hiyo, ya applications zenye uliziruhusu kuandika kwa jina lako. Watu wengi wanazima moja wanasahau ingine. Hapo, kwa swali la nani anaona, imeandikwa: Wote.

Wote! Toka siku ya kwanza, yenye Freddy alifungua. Tukaweka: Mimi peke yangu.

Lakini Lotsove akaniambia ukweli: hii inafunga mulango, haiwezi kutoa kilichoingia kwenye kichwa ya Kambale.

Kesho yake nikaenda kabini.

"Freddy, kwa nini uliacha konti yangu wazi?"

"Papa, ninafungulia watu wengi kwa siku. Nikianza kuuliza kila mutu nani aone, nani asione, nitafunga kabini saa ngapi?"

"Na kwa nini Kambale ni rafiki yangu? Sikumuomba."

Akakuna ndevu. "Wateja wangu wote ninawaunganisha. Ili ukurasa wa kabini uwe na watu."

"Basi kuja useme hivyo kwa bakwe."

"Eh! Papa Ngabu, weye mwenyewe ulibonyeza J'accepte. Tena mimi siwezi kusimama mbele ya bakwe ya mutu juu ya kobe."

Wateja wake wakacheka. Mimi nikatoka.

Sawa. Kidole ni yangu, sikatai. Somo nimelipata kwa bei ya aibu: kukubali kote si heshima, na telefone si kambi. Humo ukiuliza "kukubali nini?" hakuna mutu atakunyima bâche. Watu wa zile tovuti nao wajibu, lakini wao sijui nyumba yao iko wapi. Ya Freddy naijua.

Kila mutu aangalie mipangilio yake leo, kabla hamujaendelea kunicheka. Halafu mukuje muniambie hapa chini: mwenye alibonyeza na mwenye aliacha wazi, nani asimame kwanza? Wa Bunia wenye konti zenu ilifunguliwa na Freddy, mujitaje, tujue tuko wangapi.

Na weye, Freddy, najua unasoma, kwa sababu ni weye ulinionyesha hii forum. Jumamosi saa tisa, kwa Kambale, nyuma ya duka la mabati. Hakuna mutu atakupiga. Utakaa kwenye kiti ya plastiki, utasema, "Ni mimi niliiacha wazi, huyu papa hakujua," na utasimama. Koti nitakuazimia.

Ile kasha ingali pale, chupa zote na vifuniko vyake. Kambale ameniambia kila asubuhi Kavira anapita kuifuta vumbi.

Freddy, unakuja ama haukuji? Jibu hapa, watu waone. Hii nimeiweka Wote, mimi mwenyewe, na nimesoma kabla ya kubonyeza.