Mtende wa Shangazi na Njia ya Ngamia ya Ibra

Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, siku ya Alkhamisi, simu ya nyumbani kwangu Maskati ililia. Alikuwa shangazi yangu, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja ambaye sasa anaishi Sur. Hakungoja nimalize shikamoo.

"Leo Ibra wananadi mitende ya wakfu," alisema. "Nautaka ule wa tende za khalasi, ulioinamia mfereji. Mama yangu alikuwa hali tende za mti mwingine. Mwaka jana nimeukosa, na mwakani sijui kama nitakuwepo. Nakupa riali nane, usizidishe. Na usimwambie mtu nani kakutuma. Wakijua ni mimi watanyamaza kwa kunionea haya, niupate kwa riali moja. Msikiti utapata nini?"

Niliapa. Kwa wasiojua, kila mwaka tende zikiwa bado mbichi mtini, dalali hupita mti kwa mti akinadi mazao ya mitende ya wakfu, na fedha huenda msikitini. Mnada ulikuwa uanze saa tatu kamili.

Saa kumi na mbili kasorobo niliondoka Maskati, baiskeli nimeilaza nyuma ya gari. Niliinunua kwa amri ya daktari, ambaye hakuridhika na hesabu ya sukari yangu. Njiani nilisimama mara moja tu, kutia petroli.

Saa mbili na dakika tano nilifika Ibra, mahali magari yanapoishia penye nguzo za chuma. Kutoka hapo inaanza njia ya zamani ya ngamia, waliokuwa wakipandisha mizigo kutoka Sur. Miaka ya karibuni imetandazwa matofali ya saruji na kuwekewa taa na mabenchi, ili watu watembee wapunguze matumbo. Inafuata mfereji kupita katikati ya mji, kati ya kuta za udongo na bustani, na inaishia kwenye shamba la wakfu. Safari iliyopita niliipima: kilomita nne na mita mia mbili. Kwa baiskeli ni dakika kumi na saba, kwa miguu hamsini.

Penye nguzo nilimkuta Nassor, mtoto wa baba yangu mdogo, anayefanya kazi Nizwa. Alikuwa anafunga gari lake.

"Yakhe! Umefuata nini huku?"

"Kutembea tu. Na wewe?"

"Kutembea tu." Akaitazama baiskeli, kisha kanzu yangu niliyoikunja na kuifunga kiunoni. "Ungeongeza sanduku hapo nyuma, ukauza aiskrimu."

Hakuna mtu anayetoka Nizwa alfajiri kuja kutembea Ibra juani. Nilijua anakwenda mnadani, na yeye alijua kuwa nimejua. Tukaagana kwa adabu nyingi kupita kiasi.

Saa mbili na dakika kumi nilipanda. Hapo ndipo nilipogundua kosa katika hesabu yangu. Sote tumefundishwa tangu utotoni kwamba aliyepanda humsalimia aendaye kwa miguu, na aendaye kwa miguu humsalimia aliyekaa. Mwenye baiskeli, basi, anadaiwa salamu na mji mzima. Na mtu wa umri wangu hasalimii akiwa juu ya baiskeli kama mpeleka mikate. Anashuka, anatoa mkono, anauliza habari, anaulizwa habari, anajibu kuwa habari ni njema hata kama si njema.

Katika kilomita ya kwanza nilishuka mara sita. Bibi mmoja aliyekuwa anafua mferejini alinitazama juu mpaka chini.

"Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtajia baba yangu.

"Masikini! Na gari hajakuachia?"

Nilipokuwa namweleza mambo ya sukari, Nassor alinipita, anatembea taratibu, mikono nyuma. Nikapanda, nikamfikia, nikataka kumpita.

"Salamu yangu iko wapi?" alisema. "Umepanda, mimi natembea."

Nikashuka. Tukapeana mikono, tukaulizana habari tulizokwisha kuulizana robo saa kabla. Mbele nikakutana na wazee watatu wametandaza mkeka. Nassor akawapa yeye salamu yake na kuendelea, mimi wakanizuia waikague baiskeli. Mmoja aliipiga kengele mara nne. Nikamfikia tena Nassor, nikashuka tena. Mara ya tatu aliniuliza habari za mke wangu, za watoto wangu mmoja mmoja, na za paka.

"Sina paka," nilisema.

"Alhamdulillahi. Kafa lini?"

Saa mbili na dakika arubaini na tatu nilikuwa mbele yake kwa hatua mia, na zimebaki kilomita moja na nusu. Nikaona benchi, na juu yake Mzee Hilali, aliyekuwa na duka la nguo Pemba zamani zile, na birika lake la kahawa. Nilifikiri kidogo. Kisha nikaegemeza baiskeli ukutani, nikamwamkia, nikaketi pembeni yake. Nilikunywa vikombe viwili haraka, nikakitikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, na nikabaki nimekaa.

Nassor akatokea. Sasa alikuwa yeye anayetembea na mimi niliyekaa. Akasimama, akatoa salamu, uso umemkunjamana.

"Mzee wangu," nikasema, "huyu ndiye mwenye habari zote za Nizwa."

"Za Nizwa!" Mzee Hilali akamshika mkono asimwachie. "Kaa, mwanangu. Kahawa bado moto. Hebu nianzie na bei za mbuzi."

Aliyekwisha kunywa ana ruhusa ya kuondoka. Aliyefika sasa hivi hana. Niliomba ruhusa, nikapewa.

"Mshenzi wewe," Nassor alisema kwa sauti ya upole, kikombe mkononi.

Saa tatu kasoro dakika tatu nilifika shambani. Baada ya miti minane dalali alifika kwenye ule ulioinamia mfereji. Nilitaja riali nne na nusu. Watu kimya. Dalali alikwisha kuirudia bei mara mbili, mdomo wazi kwa mara ya tatu, sauti ikatoka nyuma ya umati, inahema:

"Sita!"

Alikuwa Nassor, kanzu imemlowa mgongoni. Nikasema saba. Akasema nane. Hapo palikuwa mwisho wa fedha za shangazi, na ningenyamaza. Lakini nilimwona anatabasamu, nikamfikiria Shangazi na tende za mama yake, nikasema tisa. Watu wakageuza shingo kwetu kwa zamu. Nilishinda kwa riali ishirini na moja na nusu, na dalali akaniombea dua ndefu.

Nassor akakaa ukingoni mwa mfereji, akatia miguu majini.

"Sasa nitamwambia nini Shangazi?" alisema.

Tulitazamana. Akatoa simu yake ya mkononi, akapiga Sur. Nilisikia kicheko cha Bi Zuwena kutoka nilipokuwa nimesimama.

"Nimewatuma nyote, ndiyo! Huyo mwenzako ana saa lakini hujichelewesha kwa kupimapima. Wewe huna saa, na unalala. Nikasema kati ya wawili mmoja atafika. Mtende nimeupata?"

"Umeupata, Shangazi. Kwa ishirini na moja na nusu."

"Mashallah, msikiti umefurahi. Nane zangu ziko pale pale. Zilizozidi ni sadaka yenu."

Saa nne na nusu tulirudi kwa njia ile ile, wote kwa miguu, tukiisukuma baiskeli kwa zamu, tukiwasalimia waliokaa tu. Nimejifunza kwamba kabla ya kushindana na mtu ni vizuri kumuuliza ametumwa na nani, hata kama umeapa kutosema umetumwa na nani wewe. Nassor alikubali tugawane nusu kwa nusu zile riali kumi na tatu na nusu zilizozidi. Hasara yangu ilikuwa riali sita na baisa mia saba na hamsini.